Baba anayelalamikia VAR ni mzima, mtazame anayenyamaza

Jumamosi usiku mjini Omurushaka, wilayani Karagwe, huhitaji redio kujua timu ipi imefungwa. Utayasikia barabarani wanaume wakitoka kwenye vibanda umiza. Refa kahongwa. Kocha hajui kupanga kikosi. Beki yule bora angepewa panga akapunguze majani ya migomba. Na VAR ndiyo imeua mpira kabisa.

Akifika nyumbani malalamiko hayaishi, yanabadilisha mada tu. Kifurushi cha king'amuzi kimepanda bei. Umeme umekatika dakika ya 80. Jezi aliyonunua gulioni imepauka kabla ya kufuliwa mara tatu. Vijana wa siku hizi wanawapita wazee bila salamu. Watoto hawajui Kinyambo, lakini wanajua namba ya siri ya simu ya baba yao. Senene ambao zamani waliokotwa bure kwenye taa, leo wanapimwa kwa kikombe kama dawa.

Mama anayesikiliza haya kila wiki, kuanzia Agosti hadi Mei, ana haki ya kuchoka. Wapo wanaofika mahali pa kuamini kwamba mpira ndio ugonjwa wa mume. Kwa upande wa afya ya familia, hali ni tofauti kidogo. Mwanamume anayelalamika kwa sauti kuhusu refa, kifurushi na vijana, mara nyingi ni mzima. Wa kumtazama kwa makini ni yule aliyekuwa akilalamika, kisha akanyamaza.

Mzazi akijua tofauti ya wawili hao, anaweza kuokoa ada ya shule, kahawa iliyoko shambani, na wakati mwingine maisha.

Hata Mwingereza analalamika

Kwanza, tumwondolee baba wa Omurushaka aibu. Wenye mpira wao wanalalamika kuliko yeye.

Ligi Kuu ya Uingereza katika sura yake ya sasa ilianza mwaka 1992, na tangu hapo fedha za televisheni ndizo zinazopanga ratiba. Shabiki wa huko hukata tiketi ya treni mapema, kisha anaambiwa mechi imehamishwa siku au saa kwa ajili ya televisheni. VAR iliingia kwenye ligi hiyo msimu wa 2019/20, na hadi leo shabiki aliyeko uwanjani analalamika kwamba anashangilia bao, kisha anasubiri dakika kadhaa kuambiwa kama ni bao kweli.

Kuna jambo moja ambalo shabiki wa Omurushaka amemzidi Mwingereza. Tangu miaka ya 1960, mechi zinazochezwa Uingereza Jumamosi saa 9 alasiri kwa saa za huko hazionyeshwi moja kwa moja kwenye televisheni za nchi hiyo. Zuio hilo huanza saa 8:45 mchana hadi saa 11:15 jioni, na lengo lake ni kulinda klabu ndogo zisikose watu viwanjani. Kwa hiyo mtu aliye London asiye na tiketi hawezi kuitazama kihalali mechi ambayo kijana wa Omurushaka anaitazama kwenye benchi la kibanda umiza kwa kiingilio kidogo.

Na sisi huku tumeupokea mpira huo kama wa kwetu. Januari 2023, mashabiki wa Arsenal mjini Jinja, Uganda, walikamatwa na polisi kwa kuandamana barabarani bila kibali wakishangilia ushindi dhidi ya Manchester United. Hapa Karagwe, ambako Rwanda iko ng'ambo ya Mto Kagera, wapenzi wa Arsenal walipata la kujitapia tangu mwaka 2018, pale jezi ya timu yao ilipoanza kubeba tangazo la utalii la Rwanda begani. Walisema timu imehamia jirani.

Kulalamika kuna kazi yake

Wengi hudhani kulalamika ni kupoteza pumzi. Historia ya karibuni ya mpira inasema vingine.

Februari 2016, maelfu ya mashabiki wa Liverpool walinyanyuka na kutoka uwanjani dakika ya 77 katika mechi dhidi ya Sunderland. Walikuwa wakipinga mpango wa kuweka tiketi ya pauni 77. Siku chache baadaye wamiliki wa klabu waliufuta mpango huo. Mwaka huohuo klabu za ligi hiyo zilikubaliana kwamba tiketi ya shabiki anayeifuata timu yake ugenini isizidi pauni 30. Aprili 2021, klabu sita kubwa za Uingereza zilitangaza kujiunga na ligi mpya ya matajiri wa Ulaya. Mashabiki walikasirika, wakajaa nje ya viwanja, na ndani ya siku mbili tu klabu zote sita zikajitoa.

Malalamiko yaliyosemwa wazi yalisikilizwa. Nyumbani mambo ni hayohayo, ila mwenye nyumba anahitaji msikilizaji anayejua kusikiliza kilicho nyuma ya maneno.

Mwanamume wa Karagwe amelelewa kuvumilia. Si rahisi aseme mbele ya mkewe kwamba bei ya kahawa imemvunja moyo, kwamba anaogopa ada ya Januari, au kwamba mgongo unamuuma tangu mavuno. Lakini kumlalamikia refa ni rahisi, kwa sababu refa yuko mbali na hatajibu. Anaposema "siku hizi hakuna haki", huenda hazungumzii penalti peke yake. Anaposema "wachezaji wa sasa wanalipwa mno na hawajitumi", huenda anapiga hesabu ya jasho lake mwenyewe.

Kwa hiyo mama asikimbilie kusema "nyamaza na mpira wako". Swali moja dogo baada ya malalamiko ya refa, kama "na huko kwenye chama cha msingi leo wamesemaje?", linaweza kufungua mlango ambao swali la moja kwa moja lisingeufungua.

Jambo hili si la mapenzi tu. Takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO) zinaonyesha kwamba duniani kote kiwango cha wanaume wanaokufa kwa kujiua ni zaidi ya mara mbili ya kile cha wanawake. Moja ya sababu zinazotajwa na wataalamu ni kwamba wanaume wengi huchelewa kusema wanapolemewa. Anayesema, hata kama anasema kupitia mpira, bado ana mlango ulio wazi.

Ukimya wa mkeka

Sasa tuje kwa anayenyamaza.

Shabiki aliyefungwa tu huumia kwa timu yake. Anapiga kelele, anatukanwa na wenzake, analala, na kesho asubuhi anataniana nao kwenye kijiwe cha bodaboda. Aliyepoteza fedha hana wa kutaniana naye. Hawezi kumweleza mkewe kwa nini sare ya timu mbili ambazo yeye si shabiki wao imemnyima hamu ya kula.

Hiyo ndiyo dalili ya kwanza na iliyo rahisi kuiona: timu yake imeshinda, lakini yeye ana msiba. Dalili ya pili ni kufuatilia kwa hamu ligi ambazo hajawahi kuzitaja, mechi za nchi asizozijua, tena usiku wa manane. Ya tatu ni simu kulazwa kifudifudi na ujumbe wa pesa kufutwa. Ya nne ni madeni madogomadogo kwa watu wengi, shilingi elfu tano hapa, elfu kumi pale, kila moja likiwa na hadithi yake.

Kubeti ni halali Tanzania kwa mtu mwenye umri wa kuanzia miaka 18, na biashara hiyo inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Lakini uhalali wa jambo hauliondolei madhara, kama ilivyo kwa pombe. WHO imeuweka uraibu wa kamari katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022. Maana yake ni kwamba mtu anayeshindwa kuacha si mpumbavu wala hakurogwa. Ana tatizo la afya linaloweza kutibiwa.

Hesabu yenyewe inafaa ifanywe mezani, hata mbele ya watoto wakubwa. Tuseme baba anachagua timu kali tu, kila moja ikiwa na nafasi 7 kati ya 10 za kushinda. Mechi moja, nafasi yake ni nzuri. Akiweka mbili kwenye mkeka mmoja, nafasi ya zote kutiki inashuka hadi 49 kati ya 100. Akiweka tano, ni kama 17 kati ya 100. Akiweka kumi, inabaki takriban 3 kati ya 100. Yaani mikeka 97 kati ya 100 itachanika, hata kama anaujua mpira kuliko wachambuzi wa redioni.

Kinachomrudisha ni ule mkeka uliochanwa na mechi moja. Tisa zimetiki, ya kumi imeharibu. Mfukoni amepoteza kama aliyekosa zote, lakini akilini anahisi alikaribia. Ubongo hulipokea "nimekosa kidogo" karibu sawa na ushindi, na humsukuma mtu ajaribu tena. Ndiyo maana kumwambia "si uache tu" hakutoshi.

Tazama pia fedha. Sh1,000 kila Jumamosi na Sh1,000 kila Jumapili, kiasi ambacho wengi hukiita cha soda, ni Sh104,000 kwa mwaka. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa ulipoanza mwaka 2018, kaya ya watu hadi sita ilichangia Sh30,000 kwa mwaka. Fedha ya "soda" ingelipia zaidi ya kaya tatu.

Na Kagera kuna mlango mwingine wa hatari, butura. Kila mkulima analijua neno hilo: kuuza kahawa ikiwa bado shambani, wakati mwingine ikiwa maua, kwa bei ya kutupa, kwa sababu shida imekubana leo. Serikali na vyama vya ushirika vimeipiga vita kwa miaka mingi. Zamani shida ilikuwa ugonjwa, msiba au ada. Mtu mwenye deni la mkeka naye ana shida isiyoweza kungoja mavuno, tena asiyoweza kuisema. Mama akisikia kwa jirani kwamba kahawa ya nyumbani kwake imeshauzwa mtini, ukimya wa miezi kadhaa utakuwa umeshapata maelezo yake.

Usiku mfupi, moyo unaokimbia

Hata asiyebeti ana la kuangalia, nalo ni usingizi.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Waingereza hurudisha saa zao nyuma kwa saa moja. Huku kwetu saa hazibadiliki, hivyo mechi zinasogea mbele. Mechi ya Jumamosi iliyokuwa ikianza saa 11 jioni inaanza saa 12, na ile iliyokuwa saa 1:30 usiku inahamia saa 2:30. Za Ligi ya Mabingwa Ulaya zilizokuwa zikianza saa 4 usiku zinaanza saa 5. Zinakwisha karibu saa 7, na zikifika kwenye penalti ni karibu saa 8 usiku. Hali hiyo hudumu hadi Jumapili ya mwisho ya Machi.

Mtu mzima anahitaji kulala angalau saa saba. Anayerudi nyumbani saa 7:30 usiku na kuamka saa 11 alfajiri kwenda shambani amelala chini ya saa nne. Akiwa dereva wa bodaboda au wa lori la ndizi anayeelekea Kyerwa au Bukoba, usingizi huo ataulipa barabarani, akiwa na abiria. Kukosa usingizi mara kwa mara pia huchangia shinikizo la juu la damu na hasira za haraka. Ile kahawa ya kutafuna inayopitishwa kwenye benchi ili watu wasisinzie ina kafeini kama ya kikombeni, na huendelea kumkesha mtu hata baada ya filimbi ya mwisho.

Kuhusu moyo, kuna utafiti maarufu uliofanyika Munich na maeneo ya jirani wakati Ujerumani ilipoandaa Kombe la Dunia mwaka 2006. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008. Siku ambazo timu ya Ujerumani ilicheza, dharura za moyo ziliongezeka zaidi ya mara mbili na nusu zikilinganishwa na siku za kawaida. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa watu ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo.

Baba aliyevuka miaka 40 na ambaye hajawahi kupima presha apime kabla ya msimu kumpandisha. Kipimo ni cha dakika chache na kinapatikana kwenye vituo vya afya na hospitali, ikiwemo ya Nyakahanga kwa wakazi wa Karagwe. Na mtu akishikwa na maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au kwenye taya, jasho jembamba na kukosa pumzi, asiambiwe "ni presha ya mechi, itapita". Apelekwe hospitali dakika hiyohiyo.

Kipigo hakihusiani na refa

Lipo jambo ambalo halipaswi kuingizwa kwenye utani wa mpira.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster nchini Uingereza walipitia taarifa za polisi wa Lancashire za wakati wa Kombe la Dunia la 2002, 2006 na 2010. Siku ambazo England ilifungwa, taarifa za ukatili wa majumbani ziliongezeka kwa asilimia 38. Iliposhinda au kutoka sare, ziliongezeka kwa asilimia 26.

Itazame hiyo namba ya pili. Timu haikufungwa, lakini wanawake waliendelea kupigwa. Hivyo anayesema "alinipiga kwa sababu timu yake ilifungwa" anampa mume kisingizio ambacho hata matokeo yenyewe yanakikataa. Mpira hukutanisha watu, pombe na mihemko, lakini mkono ni wa mwenyewe. Mwanamke anayejikuta anaangalia matokeo ili ajue kama alale nyumbani au kwa jirani, hahitaji ushauri wa ndoa tu. Aende kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri.

Watoto wanasikiliza

Malalamiko makubwa ya baba shabiki ni kwamba watoto wa leo hawachezi. Katika hili yuko sahihi. WHO inapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate walau dakika 60 kila siku za kuchangamsha mwili, na kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku. Aliye chini ya mwaka mmoja asiwekewe skrini kabisa.

Lakini mtoto wa Omurushaka anayeambiwa "enzi zetu tulicheza chandimu mpaka giza" anamwona anayemwambia hivyo akiwa ameketi saa sita mfululizo, mechi tatu. Dakika 30 za kupigiana mpira uani na mtoto wa kiume na wa kike, kabla ya mechi ya Jumapili, zitafundisha zaidi ya hotuba. Nazo zinamsaidia baba mwenyewe, kwani mtu mzima anashauriwa kupata walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Aliyelima tangu asubuhi amezipata shambani. Mwenye duka na fundi cherehani hawajazipata.

Pia mtoto anajifunza kubeti kwa kutazama. Anamwona baba akikuna kichwa juu ya simu, anasikia "hii inatiki", na namba ya siri ya pesa anaijua. Mashine za kutumbukiza sarafu madukani, zile wanazoziita dubwi, nazo humvuta akitumwa chumvi. Chenji ikianza kupungua kila mara kwa maelezo yasiyoeleweka, mzazi aulize kwa utulivu, na abadilishe namba ya siri.

Hata wenye ligi yao wameliona hili. Aprili 2023, klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilikubaliana kuondoa matangazo ya kampuni za kamari kifuani mwa jezi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Mpaka jezi hizo zote zitoke sokoni na kwenye magulio yetu, mtoto ataendelea kulivaa tangazo bila kujua maana yake. Mwelezeni.

Mazungumzo yaanzie wapi

Usiku wa mechi si wakati wake. Aliyefungwa hasikii, na aliyepoteza fedha ataona anasutwa. Subiri siku mbili, mkiwa shambani au mnamenya ndizi, mikono ikiwa na kazi na watoto wakiwa shule.

Usianze na "umepoteza tena?" Anza na unachokiona: "Baba watoto, timu yako ilishinda Jumamosi lakini hukula. Kuna nini?" Kisha subiri. Ukimya wa dakika tano haumaanishi amekataa kujibu.

Akianza kusema, maswali matatu yatawaonyesha mlipo. Je, anaweka fedha nyingi kuliko mwanzo? Je, amewahi kuamua kuacha akashindwa? Je, ameficha, amekopa au ameuza kitu ili abeti au arudishe alichopoteza? Jibu la ndiyo kwa swali la pili au la tatu linatosha kwenda kuonana na mtoa huduma wa afya. Aliyezidiwa hupewa ushauri nasaha, na ikibidi hupelekwa kwa wataalamu wa afya ya akili.

Wakati huohuo yapo ya kufanya nyumbani. Programu za kubeti zifutwe kwenye simu, na aombe akaunti yake ifungwe kabisa. Fedha za kahawa ziingie kwenye akaunti au SACCOS ambako wote wawili wanajua salio. Madeni yaandikwe yote kwenye daftari moja, hata yale ya elfu tano, na yaanze kulipwa bila kukopa pengine. Mama asiyalipe yote kwa siri ili kuficha aibu, maana mtu aliyefutiwa deni bila kulisema hurudi palepale.

Na akisema maneno kama "bora nisingekuwepo" au "mngekaa vizuri bila mimi", msiyachukulie kama hasira za mkeka. Asiachwe peke yake, viuatilifu vya shambani viondolewe karibu, na apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo akiwa na mtu anayemwamini.

Mpira wenyewe hauna haja ya kufukuzwa nyumbani. Aangalie mechi mbili kwa wiki badala ya saba, moja kati ya hizo aitazame na watoto, na za saa 5 usiku awe anasikia matokeo asubuhi kama wazee walivyoyasikia redioni. Siku akirudi akiwa analaani VAR kuanzia getini hadi jikoni, mpakulie chakula na umwache aseme.